Shajara ya rangi za maji: shona daftari lako, uchore maisha ya kila siku

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Kabla ya hapo mfuko wa rambo ulikuwa mkononi mwa kila mtu: umebeba nyanya, umebeba dagaa, umevaliwa kichwani mvua ikianza kunyesha. Sasa mtafute mtu mwenye picha yake. Simu zimejaa harusi, mahafali na keki za kuzaliwa, lakini mfuko ule haukupigwa picha, kwa kuwa ulikuwepo kila siku na hakuna aliyedhani utaondoka.

Shajara ya michoro hutunza vitu vya namna hiyo. Ni daftari dogo unalotembea nalo. Unachora kilicho mbele yako kwa peni, unapaka rangi za maji, unaandika tarehe na maneno machache pembeni. Si lazima uwe msanii. Unachohitaji ni karatasi inayovumilia maji, rangi nne, brashi moja, na moyo wa kuitazama sufuria yako ya kila siku ukijua kwamba nayo itapita.

Nasisitiza ulishone daftari mwenyewe. Daftari la kawaida la steshenari lina karatasi nyepesi. Maji yakiigusa inajikunja na kutoboka. Daftari la wachoraji linaloletwa kutoka nje ni ghali, na mtu akishalinunua kwa bei hiyo analiogopa, linabaki kabatini likisubiri picha nzuri. Ulilolishona mwenyewe haliogopeshi. Ukurasa ukiharibika unafungua mwingine, na daftari likiisha unashona jingine.

Karatasi: hapa ndipo pesa iende

Bajeti ikiwa ndogo, punguza kwenye rangi, punguza kwenye brashi, lakini usipunguze kwenye karatasi. Rangi ya bei nafuu juu ya karatasi nzuri inatoa picha. Rangi ya bei mbaya juu ya karatasi ya fotokopi inatoa tope.

Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu kwa kila mita moja ya mraba. Ya fotokopi ni gramu 80. Kwa rangi za maji anzia gramu 200, na ukiweza pata gramu 300, kwa sababu hiyo inapokea mpako wa pili na wa tatu bila kujikunja sana. Manila za shuleni zinafaa kwa peni na mpako mmoja mwepesi. Ukirudia juu yake inaanza kuchubuka na kutoa vinyweleo. Tumia manila kwa mazoezi, na bakiza karatasi mbili kwa kazi ya jalada.

Karatasi iliyotengenezwa kwa pamba tupu ndiyo bora, maana rangi hukaa mbichi kwa muda na kuchanganyika taratibu. Ile ya nyuzi za mti ni nafuu na rangi hukaa juujuu. Kwa anayeanza hilo si baya hata kidogo: ukipaka mahali pasipotakiwa, unalowesha kwa brashi safi na kuinua rangi kwa kitambaa. Kuhusu uso wa karatasi, ziko laini, za wastani na zenye mikwaruzo mikubwa. Chukua ya wastani au laini ili peni isikwame.

Wanaoishi pwani wawe makini na jambo moja zaidi. Kiwandani karatasi hizi hutiwa gundi maalumu, mara nyingi jelatini, ili zisinywe maji haraka. Joto na unyevunyevu huimaliza gundi hiyo polepole. Karatasi iliyokaa muda mrefu kwenye rafu isiyo na kiyoyozi inaweza kuonekana mpya kabisa, kumbe imeshakufa: ukipaka rangi inazama papo hapo na kuacha madoadoa. Nunua moja kwanza, idondoshee tone la maji. Tone likitulia juu kabla ya kuzama, rudi ukanunue nyingine. Likipotea mara moja, tafuta duka jingine. Nyumbani zihifadhi ndani ya nailoni iliyofungwa vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Kukata na kukunja

Karatasi moja kubwa ya sentimita 56 kwa 76 inatosha daftari zima. Upande wa 76 ugawe mara nne, upate 19. Upande wa 56 ugawe mara mbili, upate 28. Utakuwa na vipande vinane, na kila kimoja kikikunjwa katikati kinatoa kurasa nne za sentimita 14 kwa 19. Jumla ni kurasa 32, kiasi kizuri kwa daftari la kwanza. Ukipata pedi ya A4, karatasi nane zinakupa kurasa hizohizo 32 za ukubwa wa A5. Vipimo vya matundu na jalada utavirekebisha mwenyewe.

Kabla ya kukata, tafuta mkondo wa nyuzi. Pinda karatasi kwa upole kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuivunja. Pale inapopinda bila ubishi, nyuzi zimelala sambamba na pindo hilo. Kunjo la daftari likifuata mkondo huo, kurasa zinafunguka na kulala. Likikatiza nyuzi, kunjo linapasukapasuka na daftari linataka kujifunga lenyewe kila ukilifungua.

Usikunje kwa kukisia. Weka rula, pitisha ncha butu kwenye mstari ili kuacha mfereji mdogo, kunja, kisha sugua kunjo kwa mgongo wa kijiko. Halafu panga vipande viwiliviwili, kimoja ndani ya kingine. Una vijitabu vinne vya kurasa nane. Kwa karatasi ya gramu 300 usiweke vipande vitatu pamoja, kwa kuwa kurasa za ndani zitatokeza nje ya nyingine.

Kushona

Fundi viatu wa mtaani kwenu ana karibu kila unachohitaji: msharasi wa kutobolea, sindano imara na uzi wa nailoni. Mwombe uzi mwembamba kuliko ule wa soli. Uzi wa katani ni mnene mno kwa daftari dogo. Uvute uzi juu ya kipande cha nta ya nyuki mara mbili tatu ili usijisokote na fundo lishike. Nta ikikosekana tumia mshumaa.

Kata ukanda wa karatasi wenye urefu wa sentimita 19, uweke alama kwenye sentimita 1.5, 7, 12 na 17.5. Huo ndio utakuwa kipimo cha vijitabu vyote. Weka ukanda ndani ya kunjo, utoboe kutoka ndani kwenda nje, kijitabu kikiwa kimefunguliwa nusu juu ya kipande cha sponji. Kisha kata uzi wa mita 1.2, tunga sindano, uanze:

1. Kijitabu cha kwanza. Ingiza sindano kutoka nje kwenye tundu la 1 na uache mkia wa sentimita 10. Pita ndani hadi tundu la 2, toka nje. Pita nje hadi tundu la 3, ingia. Pita ndani hadi tundu la 4, toka.

2. Weka kijitabu cha pili juu ya cha kwanza. Ingia tundu lake la 4, pita ndani, toka tundu la 3. Kabla ya kuingia tundu la 2, pitisha sindano chini ya uzi wa nje wa kijitabu cha kwanza, ule uliolala kati ya tundu la 2 na la 3. Ingia tundu la 2, pita ndani, toka tundu la 1. Kaza, kisha funga mafundo mawili na ule mkia.

3. Kijitabu cha tatu. Ingia tundu la 1, toka la 2, pitia chini ya uzi wa nje wa kijitabu cha pili, ingia la 3, toka la 4. Sasa pitisha sindano nyuma ya uzi unaounganisha kijitabu cha kwanza na cha pili pale mwisho, uiingize kwenye kitanzi kabla hakijafunga, ukaze. Fundo hilo dogo ndilo linalofunga vijitabu kwenye ncha.

4. Kijitabu cha nne kinafuata njia ileile kutoka tundu la 4 kurudi la 1, na fundo la mwisho linapita kati ya kijitabu cha pili na cha tatu. Lirudie mara mbili, kata uzi ukibakiza sentimita moja.

Kila unapokaza, vuta uzi kwa kufuata urefu wa mgongo wa daftari. Ukivuta kwenda juu, uzi unakata karatasi kwenye tundu, na hapo hakuna dawa.

Ufundi huu una mizizi pwani yetu. Siyu, katika kisiwa cha Pate huko Lamu, mafundi wa karne ya 18 na 19 walinakili misahafu kwa mkono kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na vitabu vikajalidiwa palepale. Baadhi ya misahafu ya Siyu imehifadhiwa makumbusho hadi leo. Waliifanya kazi hiyo katika unyevu uleule wa bahari tunaoulalamikia sisi.

Jalada

Paka gundi nyeupe ya mbao, mpako mwembamba, kwenye mgongo uliokwisha kushonwa. Gandisha juu yake kipande cha khanga kuukuu kinachozidi mgongo kwa sentimita 2 kila upande, na uache kikauke. Kisha kunja manila mbili za sentimita 28 kwa 19, kila moja uigandishe kwenye kijitabu cha mwanzo na cha mwisho kwa mstari wa gundi wa milimita 5 tu, kandokando ya kunjo.

Kata kadibodi ngumu ya milimita 2: mbili za sentimita 14 kwa 19.6, na ukanda wa mgongo wenye urefu huohuo wa 19.6. Upana wa ukanda usiukisie. Bana vijitabu pamoja na kadibodi zote mbili, pima unene, kata.

Kitenge ndicho kitambaa rahisi kuanzia, kwa sababu gundi haipenyi upesi. Khanga ni nyepesi, gundi hutokeza upande wa pili na kuacha doa. Ukiitaka, gandisha kwanza karatasi nyembamba mgongoni mwake, iache ikauke. Inastahili taabu hiyo, maana ukiikata kwa hesabu jina la khanga linakaa sawasawa kwenye jalada la mbele, na daftari linapata jina kabla hujaandika neno.

Panga juu ya kitambaa kadibodi, nafasi ya milimita 7, ukanda wa mgongo, nafasi nyingine ya milimita 7, kadibodi ya pili. Kitambaa kizidi sentimita 2 pande zote. Kata pembe kwa mshazari, ukibakiza milimita 3 kutoka ncha ya kadibodi ili isichungulie, kunja kingo ndani. Sasa weka daftari mahali pake, gandisha zile ncha za khanga kuukuu zilizozidi mgongo, kisha manila juu yake. Tia kipande cha nailoni kati ya manila na kurasa ili unyevu wa gundi usipenye, ukandamize kwa tofali lililofungwa gazeti mpaka kesho yake.

Gundi ya kupika kwa unga wa ngano inashika vizuri na ni ya siku nyingi, ila kwenye nyumba zetu ni chakula cha mende. Mimi nabaki na gundi ya mbao.

Rangi nne na kisanduku

Dukani sema wazi kwamba unataka rangi za maji za kuchorea picha. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya maji utapewa ndoo ya kupaka ukuta. Rangi za mafuta nazo haziyeyuki kwa maji, ingawa zina heshima yake Tanzania: Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 kwa rangi zilizokuwa zikiuzwa madukani za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Alichukua kilichokuwepo, na mtindo ukabaki na jina lake.

Rangi ya maji ni unga wa rangi uliofungwa kwa gamu arabiki, utomvu wa aina ya mgunga ambao kwa sehemu kubwa hutoka Sudan. Kwenye tyubu nzuri huandikwa alama ya unga uliotumika, na alama hiyo ina maana kuliko jina la kuvutia lililo juu yake. Nunua nne tu. Bluu ya ultramarini ni PB29. Siena ya kuchomwa, rangi ya udongo mwekundu, ni PBr7 au PR101. Nyekundu ya waridi tafuta PV19, na njano PY154. Epuka nyekundu yenye alama PR83; inapendeza leo, lakini ikikaa kwenye mwanga inafifia.

Kwa nini siena, wakati bluu, nyekundu na njano zinachanganyika kutoa rangi nyingi? Kwa sababu ultramarini na siena zikikutana zinakupa kijivu cha kila aina, kutoka cha baridi cha wingu la mvua hadi cha joto cha ukuta wa zamani, na zikiwa nzito zinakupa weusi wenye uhai kuliko rangi nyeusi ya tyubu. Nusu ya vitu vya mtaani vimo ndani ya rangi hizo mbili.

Kisanduku kitengeneze kwa kikebe cha pipi chenye mfuniko. Gandisha ndani yake vifuniko vya chupa za maji, vijaze rangi kutoka kwenye tyubu, acha vikauke kivulini siku kadhaa. Rangi ikisinyaa na kuacha mwanya, ongeza kidogo. Mfuniko wa kikebe ndiyo sehemu ya kuchanganyia. Wa pwani waepuke rangi zilizotengenezwa kwa asali, kwa sababu hazikauki kwenye unyevu na sisimizi watazigundua kabla yako.

Brashi moja ya duara, namba 8, inatosha. Ilowanishe dukani, itikise. Ikijikusanya na kuwa na ncha, ichukue. Peni ya kawaida ya wino mzito haiyeyuki kwa maji, ndiyo maana inafaa sana. Peni za jeli nyingi huyeyuka. Chora mstari, pitisha maji, utajua.

Ukurasa wa kwanza: dele la kahawa

Ukurasa wa mwanzo kabisa uruke. Urudie daftari likiisha. Fungua wa pili, uketi mbele ya kitu kisichotembea. Nachagua dele la shaba la muuza kahawa, kama yale unayoyaona jioni Mji wa Kale wa Mombasa au kwenye baraza ya Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Unguja, wazee wakiwa barazani na mazungumzo yamekolea. Kama huko ni mbali, birika la chai mezani kwako litafanya kazi ileile.

Dakika ya kwanza usichore. Tazama dele lina upana gani ukilinganisha na urefu wake, na mdomo unaanzia wapi. Tafuta pale mwanga unapong'aa kuliko kote. Mahali hapo hutapagusa hadi mwisho, kwa sababu kwenye rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe.

Kwa penseli nyepesi weka umbo kubwa tu: tumbo, shingo, mdomo, mkono. Weka pia vikombe na mstari wa meza. Kisha peni. Mstari uende polepole, jicho likikaa kwenye dele zaidi ya kwenye karatasi. Mstari ukipinda, acha. Ukiufuta utachubua karatasi, na mstari wa pili uliochorwa pembeni ya wa kwanza mara nyingi unapendeza.

Sasa rangi. Uzito wake uwe wa namna tatu: chai ya rangi, maziwa, mtindi. Mpako wa kwanza ni chai ya rangi: njano na siena kidogo, maji mengi, upake dele lote isipokuwa pale panapong'aa. Usirudirudi. Subiri ukauke kabisa; gusa karatasi kwa mgongo wa kidole, ikiwa bado ya baridi, maji hayajaisha. Mpako wa pili ni maziwa: siena zaidi, upande ulioko kivulini na chini ya mdomo. Ukiacha kingo moja ya mpako huo ikiwa kali na nyingine ukailainisha kwa brashi yenye maji safi, tumbo la dele linakuwa duara mbele ya macho yako. Mpako wa tatu ni mtindi: ultramarini na siena, mahali pachache tu, palipo peusi kweli, kama pale chini dele linapokutana na makaa.

Vikombe ni vyeupe, kwa hiyo usivipake. Paka kivuli kilicho nyuma yake, vikombe vitajitokeza vyenyewe. Mvuke nao hauchorwi. Loweka sehemu ndogo ya mandhari iliyokauka, inua rangi kwa kona ya kitambaa.

Mipako mitatu, basi. Picha nyingi za rangi za maji hufa kwa mpako wa nne.

Ngozi, bati, kijani

Vitabu vingi vya kujifunzia rangi hii viliandikwa Ulaya na Marekani, na sura zake za kuchora watu huanza na waridi hafifu. Kwa ngozi zetu anza na siena iliyotiwa nyekundu kidogo, nyepesi. Ikikauka, ongeza siena na ultramarini upande wa kivuli. Usiguse rangi nyeusi. Kwenye paji la uso, mfupa wa shavu na ncha ya pua, ngozi nyeusi hupokea rangi ya anga, kwa hiyo mng'ao wake una ubluu. Acha hapo mpako wa kwanza mwembamba kabisa, upitishe maji yenye bluu kidogo. Sikio na shavu lililopigwa na jua huonyesha wekundu. Mtazame mtu aliyekaa mlangoni saa kumi na moja jioni, utaona rangi hizi zote bila kufundishwa.

Bati lenye kutu ni zawadi. Paka kijivu cha ultramarini na siena, na kikiwa bado kibichi dondosha siena nzito hapa na pale. Itatambaa yenyewe na kutulia kama kutu inavyotulia. Ultramarini ina punje ambazo hujikusanya kwenye mashimo ya karatasi, na hilo linasaidia kuliko ufundi wako.

Kijani cha njano na bluu peke yake hupiga kelele. Tia siena kidogo ndipo upate mwembe. Ukuta wa chokaa wenye kivuli usiufanye wa kijivu: kivuli chake juu kina ubluu wa anga, na chini kina ujoto wa ardhi iliyoakisi jua.

Jua la saa sita mchana linafuta vivuli, kila kitu kinaonekana bapa. Chora kabla ya saa nne asubuhi au kuanzia saa kumi.

Adabu ya kuchora mbele za watu

Kundi la wachoraji wa mitaani duniani, Urban Sketchers, lililoanzishwa Seattle na mwandishi wa habari Gabriel Campanario mnamo 2007, linataka mtu achore akiwa mahali penyewe. Nakubaliana nao kabisa. Lakini kwetu mtu hajichorei tu.

Salimia kwanza. Kwa mtu mzima ni shikamoo, halafu ombi: "Mama, samahani, naomba nichore meza yako ya nyanya, sichukui muda." Nunua fungu moja. Mwonyeshe ulichofanya hata kama hakijaisha. Akisema hapana, ni hapana, unamshukuru na kwenda. Wapo wasiopenda kuchorwa sura kwa sababu ya dini. Mikono inayomenya viazi, kiti, ungo na mizani vinaeleza habari ileile bila uso. Watoto watakuzunguka, hilo halikwepeki. Mpe mmoja penseli na kipande cha manila, naye atawatuliza wenzake.

Usikae kuchora mbele ya kambi ya jeshi, kituo cha polisi au mahali penye tangazo la kukataza picha. Hata ukiwa huna kamera utaulizwa maswali.

Ndani ya daladala usipake rangi. Chora kwa peni tu, andika majina ya rangi kwa kifupi juu ya mchoro, upake nyumbani.

Maneno yanayokaa pembeni

Tarehe, mahali na saa viwepo kila ukurasa. Kisha bei. Bei ndiyo kitu cha kwanza kusahaulika na cha kwanza kuulizwa baadaye: chapati shilingi ngapi, nauli ya kutoka wapi kwenda wapi, fungu la dagaa lilikuwa na ukubwa gani. Andika pia ulichosikia, kama kondakta alivyokuwa akiita abiria, kwa maneno yake. Usiandike namba za simu wala majina kamili ya watu. "Mama wa vitumbua, kona ya shule" inatosha.

Vichoree vitu vinavyoelekea kuondoka. Mabasi ya mwendokasi yalianza Dar es Salaam mwaka 2016 na daladala zikaondolewa kwenye njia kuu zilizopewa mabasi hayo. Waliochora vibao vya njia zile wakati ule wana hazina. Leo angalia jiko la mkaa wakati jirani ananunua mtungi wa gesi, angalia kibanda cha simu za mkononi chenye maandishi ya kuchorwa kwa brashi, mashine ya cherehani ya kukanyaga, kadi ya kliniki ya mtoto. Ukikosa la kuchora, fungua droo ya jikoni.

Dakika kumi kwa siku zinashinda saa nne za Jumapili. Wakati mzuri ni ule ambao tayari umekaa: ukisubiri chai ichemke, foleni ya benki, mvua ipite.

Kutunza

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, rangi huchelewa kukauka na kisanduku kilichofungwa kikiwa kibichi huota ukungu. Kiache wazi usiku. Ukungu ukionekana, futa juu kwa kitambaa chenye maji, kausha juani kidogo, endelea. Dodoma na kwingine kwenye hewa kavu tatizo ni kinyume: mpako unakauka ukiwa katikati ya kazi na kuacha mistari. Loweka karatasi kwanza kwa maji safi, ndipo upake.

Usifunge daftari ukurasa ukiwa mbichi. Beba vibanio viwili vya nguo vya kushikilia kurasa wazi hadi zikauke. Kurasa zikijaa, zipige picha kwa simu karibu na dirisha, bila jua la moja kwa moja na bila kumulika kwa taa ya simu, ili uwe na nakala endapo maji yataingia ndani. Daftari lilaze, usilisimamishe, mbali na ukuta wenye unyevu. Kwenye ule ukurasa wa kwanza ulioruka, andika sasa kwa peni tarehe ya kuanza na ya kumaliza, mji, aina ya karatasi na alama za rangi ulizotumia. Utakapokata karatasi ya daftari la pili, utaangalia hapo kwanza ujue cha kununua na cha kuacha.